Irabu Zilizobadilishana Nafasi: Historia ya Dhamira Tegemezi katika Vitenzi vya Kawaida vya Kihispania

Kanuni inayoongoza dhamira tegemezi ya wakati uliopo katika vitenzi vya kawaida vya Kihispania ni fupi kiasi cha kutoshea katika mistari miwili ya kitabu cha shule. Vitenzi ambavyo umbo lake la kamusi huishia kwa -ar hubadili irabu a kuwa e, na vile vinavyoishia kwa -er au -ir huchukua a, hivyo habla, yaani "anazungumza", huwa hable, "azungumze", ilhali come, "anakula", huwa coma, "ale", na vive, "anaishi", huwa viva, "aishi". Kwa kuwa kila upande huchukua irabu ya mwenzake, na kwa kuwa vitenzi vingi mno hufuata mpango huo bila kusitasita, ni rahisi kudhani kwamba kanuni hii ilipangwa mezani na wanasarufi waliotaka kuwarahisishia walimu kazi. Historia inaonyesha jambo tofauti kabisa. Unyoofu huo ni zao la karne nyingi za usemi wa wakulima, askari, wachungaji na wachuuzi ambao wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika, nao ulikuwa umekwisha kukamilika kabla mtu yeyote hajaandika kitabu cha sarufi ya lugha hiyo. Mchango wa wanasarufi ulikuwa kuupa majina, na majina hayo waliyaazima kutoka kwa lugha za kale, ndiyo maana hayakuwahi kuikaa lugha hii sawasawa.

Neno dhamira, kwa maana ya kisarufi, hutaja sehemu ya umbo la kitenzi inayoonyesha msimamo wa msemaji kuhusu jambo analolitaja. Dhamira arifu hutoa habari kama jambo linalothibitishwa. Dhamira amrishi huamuru. Na dhamira tegemezi hulitaja jambo kama linalotakwa, linalohofiwa, linaloshukiwa au linalongojewa, na kwa kawaida hufuata kitenzi kingine kinachobeba takwa au shaka hiyo. Msomaji wa Kiswahili anaijua tofauti hii barabara, kwa kuwa "Juma anasoma" na "nataka Juma asome" zimetenganishwa kwa njia hiyo hiyo, na hata irabu e ya "asome" inafanana na ile ya hable. Ufanano huo ni sadfa tupu, maana e ya Kiswahili ni urithi wa Kibantu unaopatikana katika lugha nyingi kuanzia Kameruni hadi Afrika Kusini, na e ya Kihispania imetoka Kilatini. Hata hivyo sadfa hiyo inasaidia kuonyesha jambo moja la maana. Katika Kiswahili, vitenzi vyenye asili ya Kiarabu kama safiri na fikiri havibadili irabu ya mwisho, na msikilizaji huitambua dhamira kwa kukosekana kwa kiambishi cha wakati, "asafiri" badala ya "anasafiri". Kihispania hakina kiambishi cha kukiegemea namna hiyo. Mzigo wote wa maana umewekwa juu ya irabu moja, na irabu hiyo ikipotea au kuchanganyika, tofauti kati ya habari na takwa nayo hupotea.

Kilatini, lugha mama ya Kihispania, kilikuwa na makundi manne ya vitenzi, nayo yalitofautishwa kwa irabu ya shina. Kundi la kwanza, lenye kitenzi amare, "kupenda", lilikuwa na a ndefu. La pili, lenye timere, "kuogopa", lilikuwa na e ndefu. La tatu, lenye legere, "kusoma", lilikuwa na irabu fupi. Na la nne, lenye audire, "kusikia", lilikuwa na i ndefu. Katika dhamira tegemezi ya wakati uliopo makundi matatu ya mwisho yaliongeza a, yakatoa timeam, legam na audiam, lakini kundi la kwanza, ambalo tayari lilikuwa na a katika dhamira arifu, lilitumia e, likatoa amem, ames, amet. Kubadilishana nafasi kwa irabu, ambako mwanafunzi wa leo hukuona kama fumbo la Kihispania, kulikwishakuwapo Roma zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na sababu yake ni bayana: kundi lililokuwa na a katika dhamira arifu halingeweza kutumia a ile ile kuonyesha takwa, kwa kuwa maumbo mawili yangelandana.

Kilatini kilikuwa na nyakati nne za dhamira tegemezi, na hatima ya kila mmoja inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa inaonyesha ukubwa wa bahati ya ule wa wakati uliopo. Umbo la wakati uliopita usiotimilika, amarem, lilitoweka katika usemi wa rasi ya Iberia. Umbo la wakati uliotangulia uliopita, amavissem, lilibaki kama amase, lakini likahama kutoka wakati wake na kujaza pengo lililoachwa na amarem. Umbo la wakati timilifu, amaverim, lilichanganyika na umbo jingine la wakati ujao, likazaa amare ya Kihispania cha kale, ambayo nayo leo imebaki karibu katika maandishi ya sheria peke yake. Amem tu ndilo lililovuka karne zote likiwa na umbo lake, wakati wake na kazi yake. Pale ambapo karibu kila kitu katika mfumo wa vitenzi kilibomolewa na kujengwa upya, pamoja na wakati ujao wote wa Kilatini, ambao nafasi yake ilichukuliwa na muungano wa amare na habeo uliozaa amaré, dhamira tegemezi ya wakati uliopo ilisimama.

Haikusimama bila majeraha. Konsonanti za mwisho zilianza kufifia mapema katika usemi wa watu wa kawaida: m ya amem iliacha kutamkwa, na t ya amet ikafuata baadaye sana, hivyo nafsi ya kwanza na nafsi ya tatu umoja zikawa neno moja, ame, linaloweza kumaanisha "nipende" au "apende". Dhamira arifu haikupata hasara hiyo, kwa kuwa amo na ama ziliendelea kutofautiana. Wakati huo huo kundi la pili na la tatu la Kilatini yaliungana na kuwa kundi moja la -er, huku baadhi ya vitenzi vya kundi la tatu vikihamia -ir. Vivere, "kuishi", ni miongoni mwa vilivyohama, nalo vivat likawa viva. Kireno kina umbo hilo hilo la kitenzi chake viver, na kwa njia hiyo dhamira tegemezi ya Kirumi imefika masikioni mwa watu wengi wa Afrika Mashariki na ya Kusini bila wao kuitambua, kwa kuwa "viva" iliyopigwa katika mikutano ya FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, si chochote ila nafsi ya tatu ya dhamira tegemezi ya wakati uliopo: na kiishi, na kidumu.

Muungano wa makundi ungeweza kuleta vurugu kubwa kuliko uliyoleta. Vitenzi vya kundi la pili na la nne, pamoja na baadhi ya vile vya kundi la tatu, vilikuwa na irabu mbili zilizofuatana, kama katika timeam na audiam, na irabu ya kwanza kati ya hizo iligeuka kuwa sauti nyepesi inayofanana na y, ambayo kwa kawaida huharibu konsonanti iliyo jirani nayo. Palipobaki athari yake, Kihispania kina vitenzi visivyo vya kawaida: sapiat, "ajue", imetoa sepa, na capiat, "aenee", imetoa quepa, maumbo ambayo hayawezi kubashiriwa kutokana na saber na caber. Lakini katika sehemu kubwa ya vitenzi wasemaji waliiondoa sauti hiyo nyepesi, wakasema tema badala ya umbo ambalo mwendo wa kawaida wa sauti ungelizaa kutokana na timeam, kwa kuwa masikioni mwao temer ilikuwa imeingia katika jamii moja na vender, ambayo venda yake haikuwa na sauti hiyo tangu asili. Kitendo hiki, ambacho wanaisimu hukiita usawazishaji kwa mlingano, yaani kulifuatisha umbo moja na maumbo mengine ya jamii yake, ndicho kilichozaa "vitenzi vya kawaida" vya vitabu vya leo.

Ushahidi mzuri kuliko wote wa usawazishaji huo umefichwa katika jambo ambalo wanafunzi hulilalamikia kama usumbufu wa tahajia. Kitenzi llegar, "kufika", huandikwa llegue katika dhamira tegemezi, na pagar, "kulipa", huandikwa pague, kwa herufi u isiyotamkwa, ambayo kazi yake ni kulinda sauti ya g mbele ya e. Llegar imetoka plicare ya Kilatini, na pagar imetoka pacare. Katika maneno hayo c ilitamkwa kama k, na baadaye, kwa kuwa ilikaa kati ya irabu, ikalainika kuwa g. Lakini mbele ya e mambo yalikuwa tofauti: k ya Kilatini mbele ya e ilihama mbele ya kinywa na kuwa sauti ya ts, kisha sauti nyingine zilizotokana nayo, na mabadiliko hayo hayakuacha neno salama. Kwa sheria hiyo ya sauti, plicet na pacet zingepaswa kutoa maumbo ambayo yasingefanana hata kidogo na llegar na pagar. Hayakutoa. Wasemaji walikataa kuiacha dhamira tegemezi iachane na ndugu zake, wakarudisha ile konsonanti ya llega na paga mbele ya e, na llegue na pague zikazaliwa kinyume cha sheria ya sauti. Herufi u inayowachosha wanafunzi ni alama ya uamuzi uliofanywa na vizazi vya watu wasiojulikana majina, uamuzi kwamba umbo la takwa lazima litambulike mara moja kuwa ni la kitenzi kile kile. Ni haki kusema kwamba kazi hiyo, iliyofanywa vinywani peke yake, ina akili na nidhamu isiyopungua ile ya chuo chochote cha lugha kilichokuja baadaye.

Katika monasteri ya San Millán de la Cogolla, katika eneo la La Rioja kaskazini mwa Hispania, mtawa mmoja au zaidi waliandika pambizoni na kati ya mistari ya kitabu cha Kilatini maelezo mafupi kwa lugha ya wenyeji, na maelezo hayo, yajulikanayo kama Glosas Emilianenses, yamewekwa na watafiti kati ya karne ya 10 na ya 11. Mengi ni maneno mamoja mamoja ya kumsaidia msomaji. Maelezo marefu kuliko yote ni sala, na kwa kuwa ni sala, vitenzi vinavyoibeba viko katika dhamira tegemezi: facanos, "na atufanyie" au "na atujalie", na segamus, "tuwe", maumbo ya kale ya hacer na ser. Vitenzi hivyo viwili si vya kawaida, lakini vinaonyesha kwamba mtu alipoanza kuandika aya nzima kwa usemi wa nyumbani kwake katika eneo hilo, jambo alilolihitaji kwanza lilikuwa kuomba. Ramón Menéndez Pidal, aliyezichambua glosa hizo katika kitabu chake Orígenes del español cha mwaka 1926, alizifanya kuwa nguzo ya historia ya lugha, na ingawa watafiti wa baadaye wamebishana kama usemi huo uitwe Kikastilia, yaani Kihispania chenyewe, au Kinavarra-Aragoni, hakuna anayeshuku kwamba dhamira yenyewe imekwisha kukomaa humo.

Kusini mwa eneo hilo, katika ardhi zilizotawaliwa na Waislamu tangu mwaka 711, Kirumi cha wenyeji, yaani usemi wao uliotokana na Kilatini, kiliishi bega kwa bega na Kiarabu kwa karne nyingi, na mojawapo ya mabaki ya ujirani huo ni ojalá, neno la kutaka jambo litokee, lililotokana na usemi wa Kiarabu cha Andalusia wenye jina la Mungu ndani yake, jamaa wa inshallah ya waja wa pwani ya Afrika Mashariki. Ojalá hudai dhamira tegemezi kila mara. Neno lilitoka kwa jirani, lakini kitenzi kinacholifuata kiliendelea kutumia irabu za Kirumi.

Eneo la matumizi ya dhamira tegemezi ya wakati uliopo halikuwa pana tangu mwanzo kama lilivyo leo. Katika Kihispania cha kale, na hasa katika sheria zilizotungwa chini ya Alfonso X, mfalme wa Castilla kuanzia 1252 hadi 1284, ambaye katika utawala wake ziliandikwa Siete Partidas, jambo la baadaye lisilo na hakika lilielezwa kwa dhamira tegemezi ya wakati ujao: cuando llegare, "atakapofika", na si llegare, "akifika". Lugha ya sheria ililipenda umbo hili kwa kuwa sheria hutunga adhabu kwa ajili ya mtu ambaye bado hajatenda kosa. Kuanzia karne ya 16 na ya 17 umbo hilo lilianza kudhoofika katika mazungumzo, na urithi wake uligawanywa: baada ya si wasemaji walichukua dhamira arifu, si llega, na baada ya cuando walichukua dhamira tegemezi ya wakati uliopo, cuando llegue. Mgawanyo huo ndio uliowaachia wanafunzi wa leo tatizo linaloonekana kukosa mantiki, kwamba "akifika" na "atakapofika" zidai dhamira tofauti. Mantiki ipo, ila ni ya warithi wawili wa umbo moja lililokufa, na kitabu cha shule kinachoitaja kanuni bila kumtaja marehemu kinamnyima mwanafunzi kitu ambacho kingemsaidia kukumbuka.

Tarehe 18 Agosti 1492, huko Salamanca, ilikamilika kuchapishwa sarufi ya kwanza ya Kikastilia, kazi ya Antonio de Nebrija, msomi wa Kilatini aliyesoma Bologna na ambaye kitabu chake cha kufundishia Kilatini cha mwaka 1481 kilikuwa kimemletea sifa kubwa. Alimtunukia malkia Isabel kazi hiyo, miezi michache baada ya kuanguka kwa Granada na siku chache baada ya Christopher Columbus kung'oa nanga. Sehemu ya tano ya kitabu iliandikwa kwa ajili ya wageni watakaotaka kujifunza lugha hiyo, na humo ndimo vitenzi vimepangwa kwa mfululizo ambao kila jedwali la leo limeurithi. Nebrija aliyaeleza maumbo aliyoyasikia kwa uaminifu. Tatizo lilikuwa katika idadi ya dhamira alizozitaja, kwa kuwa alisema ni tano: arifu, amrishi, ya matakwa, tegemezi, na ile isiyo na nafsi.

Dhamira ya matakwa ilitoka mbali. Kigiriki cha kale kilikuwa na maumbo mawili tofauti, moja la kutamani na jingine la utegemezi, na wanasarufi wake waliyapa majina mawili kwa haki kabisa. Katika Kilatini maumbo hayo ya kale yalikuwa yamekwisha kuungana tangu kabla ya maandishi, lakini wanasarufi wa Kirumi, waliojifunza ufundi wao kwa Wagiriki, walibaki na majina yote mawili, wakaliita umbo lile lile dhamira ya matakwa lilipofuata neno la kutamani, na dhamira tegemezi lilipofuata kiunganishi. Priscianus, aliyefundisha Konstantinopoli mwanzoni mwa karne ya 6, aliutia mpango huo katika kitabu kilichosomwa Ulaya nzima kwa karne nyingi, na Nebrija akaupokea kama ulivyo. Hivyo lugha ya tatu ilivishwa vazi lililoshonwa kwa kipimo cha ya kwanza. Mnamo 1587 Francisco Sánchez de las Brozas, naye wa Salamanca, alikwenda upande wa pili katika kitabu chake Minerva, akakataa kwamba dhamira ni sifa ya kitenzi hata kidogo, lakini hoja yake, iliyohusu Kilatini, haikuvunja mazoea ya shule.

Mazoea hayo yalivuka bahari. Andrés de Olmos alikamilisha sarufi ya Kinahuatl cha Meksiko mwaka 1547, na Domingo de Santo Tomás alichapisha ya Kiquechua huko Valladolid mwaka 1560. Wote walikuwa wamelelewa katika mafunzo ya Kilatini ya aina ya Nebrija, na walizitafuta dhamira zake katika lugha zilizojengwa kwa misingi mingine kabisa, wakati mwingine wakipata walichokitafuta na wakati mwingine wakilazimisha. Kiswahili nacho kilipofikiwa na wamishenari, kuanzia muhtasari wa Johann Ludwig Krapf wa mwaka 1850 na kitabu cha Edward Steere cha 1870, kilielezwa kwa majina ya kisarufi yenye asili hiyo hiyo ya Kilatini, na bahati njema ni kwamba "asome" lililingana na jina lililoletwa kuliko maumbo mengi ya lugha za bara la Amerika yalivyoweza.

Wakati wanasarufi wakijadili majina, jamii ilikuwa ikibadilisha mfumo wa nafsi, na mabadiliko haya ndiyo yaliyoipa dhamira tegemezi kazi yake ya kila siku. Katika Kihispania cha kale kulikuwa na tú kwa mtu wa karibu na vos kwa mtu wa heshima au kwa watu wengi, na maumbo ya vos yaliishia kwa -des: amades katika dhamira arifu, amedes katika dhamira tegemezi. Katika karne ya 14 na ya 15 d hiyo ilidondoka, yakabaki maumbo mawili yaliyoshindana, améis na amés. Kadiri vos ilivyotumiwa na kila mtu, ndivyo heshima yake ilivyoshuka, hata watu wakatafuta njia nyingine, wakamwita msikilizaji vuestra merced, "rehema yako", na maneno hayo kwa kutamkwa haraka haraka yakajikunja hadi yakawa usted katika karne ya 17. Kwa kuwa rehema ni kitu cha nafsi ya tatu, kitenzi chake kilibaki katika nafsi ya tatu, na dhamira amrishi haina nafsi ya tatu. Amri ya heshima ilibidi iazime dhamira tegemezi: hable usted, coma usted. Amri ya kukataza ilikuwa imekwisha kuchukua njia hiyo hiyo kwa nafsi zote, no hables, no comas, kama vile Kiswahili kinavyosema "usiseme". Mtu anayemwagiza muuza duka, anayemkaribisha mgeni au anayemkanya mtoto kwa Kihispania anatumia irabu zilizobadilishana nafasi mara nyingi kwa siku moja kuliko mwandishi wa tungo ndefu anavyozitumia katika ukurasa mzima.

Waliofukuzwa Hispania kwa amri ya mwezi Machi 1492, yaani Wayahudi waliokataa kubatizwa, waliondoka kabla usted haijazaliwa. Kihispania chao, kilichoendelea kusemwa Istanbul, Salonika na miji mingine ya dola ya Osmani, kilihifadhi maumbo yanayoishia kwa sh katika nafsi ya pili wingi, avlash, "mnazungumza", na avlesh, "mzungumze", ambamo ubadilishanaji wa a na e umedumu ule ule.

Chuo cha Kifalme cha Lugha ya Kihispania kiliundwa Madrid mwaka 1713, kikatoa sarufi yake ya kwanza mwaka 1771, na mwaka 1780 Carlos III aliamuru itumike shuleni. Tangu hapo jedwali la vitenzi likawa jambo la serikali. Lakini jedwali hilo lilipangwa kwa usemi wa Castilla, na sehemu kubwa ya wasemaji wa Kihispania walikuwa ng'ambo ya Atlantiki, ambako vosotros, "ninyi", ilikuwa imetoweka katika mazungumzo na vos ilikuwa imebaki katika maeneo mapana. Andrés Bello, aliyezaliwa Caracas mwaka 1781, akaishi London kuanzia 1810 hadi 1829 na kisha Chile hadi kifo chake mwaka 1865, aliichukua kazi ya kuandika sarufi iliyokusudiwa waziwazi kwa ajili ya watu wa Amerika ya Kihispania. Ilitoka mwaka 1847, miaka 6 baada ya uchambuzi wake wa nyakati za vitenzi kuchapishwa Valparaíso.

Bello hakuanza na Wagiriki wala Warumi. Alisema kwamba dhamira za Kihispania zitafutwe ndani ya Kihispania chenyewe, na akatoa kipimo rahisi: umbo ni la dhamira arifu likiweza kutawaliwa na vitenzi kama "kujua" na "kuthibitisha" visivyokanushwa, na ni la dhamira tegemezi ya kawaida likitawaliwa na vitenzi kama "kushuku" na "kutamani". Aliona pia kwamba katika dhamira tegemezi wakati uliopo na wakati ujao zina umbo moja, jambo ambalo sarufi za zamani zilikuwa zimelizungukazunguka. Si kila alichokipanga kilikubaliwa na waliofuata, lakini kipimo chake cha kitenzi kinachotawala ndicho ambacho walimu wengi hukitumia hadi leo, wengi wao bila kujua kilitoka kwa nani, na ni fedheha kwa ufundishaji wa lugha kwamba jina lake halitajwi mahali ambapo kazi yake inatumiwa kila siku.

Bello huyo huyo, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chile, aliipiga vita vos ya Wachile kama usemi usiofaa, na shule zikamfuata. Wasemaji hawakumfuata kikamilifu. Katika mazungumzo ya kirafiki ya Chile bado husikika hablái, "unazungumza", na comís, "unakula", na katika dhamira tegemezi hablís na comái, yaani maumbo mawili yanabadilishana miisho yao kama makundi ya Kilatini yalivyobadilishana irabu, ingawa hakuna jedwali la shule lililowahi kuyafundisha. Argentina ilichukua njia nyingine: chuo chake cha lugha kiliikubali vos rasmi mwaka 1982, lakini katika dhamira tegemezi usemi unaoheshimika hutumia hables ya tú, na hablés yenye mkazo mwishoni husikika zaidi katika makatazo, pale msemaji anapotaka neno lake lizingatiwe upesi.

Afrika nayo imo katika historia hii. Visiwa vya Bioko na Annobón vilitolewa na Ureno kwa Hispania kwa mkataba wa mwaka 1778, na Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru mwaka 1968, ndiyo nchi huru pekee ya bara hili, kusini mwa Sahara, ambayo Kihispania ni lugha yake rasmi. Kwa sababu yake Kihispania kimekaa pamoja na Kiswahili katika orodha ya lugha rasmi za Umoja wa Afrika. Wasemaji wengi wa huko wana lugha za Kibantu, kama Kifang na Kibubi, kuwa lugha zao za kwanza, na wachunguzi wa Kihispania chao wameandika kwamba usted hutumiwa mara nyingi pamoja na maumbo ya kitenzi ya tú. Mpaka kati ya hable na hables, ambao ulijengwa na heshima za karne ya 17 na si na Kilatini, hulegea katika usemi wa namna hiyo.